Siku Nyumba ya Wifi Ilipopigwa Mnada

Kaka yangu alipofariki, wifi yangu alibaki na binti mmoja na mkopo wa nyumba yao ya Blacktown, huku ughaibuni tunakoishi, mkopo ambao mshahara wake mmoja wa unesi haukuweza kuubeba. Aliomba benki imwongezee muda, ikamwongezea, akang'ang'ana, akashindwa. Mwishowe mahakama iliiruhusu benki kuichukua nyumba na kuiuza. Wakahamia kwangu na sufuria zao.

"Nyumba imeenda," aliniambia, "na jasho la kaka yako limeenda nayo."

Nami niliamini hivyo. Benki ikishachukua, imechukua. Ila mama mmoja Mkongomani wa kanisani kwetu alitusukuma twende Bankstown, kwa mwanasheria anayesaidia watu bure. Tulikwenda shingo upande.

Mwanasheria alimsikiliza wifi mpaka mwisho, kisha akasema, "Benki ina haki ya kuuza ili ijilipe. Haina haki ya kuitupa nyumba yako kwa bei ya bure. Lazima iitangaze vizuri na kutafuta bei inayostahili. Ikishaondoa deni na gharama zake, kinachobaki ni chako."

"Changu mimi?"

"Chako wewe, mama."

Kwenye treni wifi hakutulia kitini. Mara acheke, mara anishike mkono, "Umemsikia lakini? Umemsikia?"

Na haikuishia hapo. Dalali aliyepewa na benki kazi ya kuiuza nyumba alikuwa na mnunuzi wake, akitaka kuuza kimyakimya. Mwanasheria aliiandikia benki, na wiki haikuisha kabla ya picha kuwekwa mtandaoni na bango la mnada kusimamishwa mbele ya nyumba.

Jumamosi ya mnada tulisimama ng'ambo ya barabara, wifi, binti yake na mimi. Watu walijaa kwenye nyasi alizokuwa akizikata kaka. Mwanzoni hakuna aliyetaja bei, hata nikaogopa. Kisha bwana mmoja mwenye kofia akanyoosha mkono. Mama mmoja aliyebeba mtoto akamjibu. Bwana akapanda, mama akapanda. Dalali alikuwa akirukaruka kama mhubiri.

"Imeshapita deni!" wifi alininong'oneza, kucha zake zimezama mkononi mwangu. "Wifi, imepita deni! Kuanzia sasa wananipandishia mimi!"

"Mum, breathe," binti yake akamhimiza avute pumzi.

Bwana wa kofia alisita. Dalali akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Yule bwana akanyoosha tena! Wifi alitoa kigelegele pale pale barabarani, watu wakageuka kutuangalia, nami nikakidakia. Waliendelea kupandishiana mpaka bwana alipotikisa kichwa na nyundo ikagonga. Nyumba ilikuwa ya yule mama mwenye mtoto.

Nilidhani sasa wifi atalia. Badala yake alivuka barabara akampa yule mama mkono. "Bomba la jikoni huwa linakwama," alimwambia. "Lizungushe taratibu tu."

Benki ilijilipa, ikampelekea wifi hesabu yote pamoja na salio lake. Salio hilo ndilo lililomsaidia kuanza kununua fleti ndogo kule Minto. Siku ya kukabidhiwa funguo alinipigia simu nikiwa kazini hospitalini, akipiga kelele hata wagonjwa wakamsikia. "Wifi, njoo! Njoo uone jua linavyoingia sebuleni!"