Wageni wa Ijumaa

Mwalimu Laban alilala chini miaka tisa. Si kwamba kitanda kilimshinda. Mshahara wa mwalimu ni mdogo, lakini si mdogo kiasi hicho. Godoro lilikuwa sakafuni, vitabu vilikuwa ndani ya katoni, katoni zilikuwa zimefungwa kamba, na dirishani alitundika shuka badala ya pazia. Ukimuuliza, angekwambia kuwa yeye ni mpita njia hapa Obunga, Kisumu, na yuko mbioni kurudi kwao. Fundi seremala mmoja pale Mamboleo alikuwa amemtania mpaka akachoka. "Japuonj," alikuwa akimwambia, maana hivyo ndivyo Wajaluo wanavyomwita mwalimu, "hata kuku hulala juu." Laban alicheka na kupita.

Kwao kulikuwa upande wa Kimilili. Huko ndiko alikomwacha binti yake wa pekee, Lorine, aliyezaliwa mwaka ule ule baba yake alipopangiwa kazi Kisumu. Mama wa mtoto alifariki Lorine akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo alilelewa na bibi yake, Nabututu, mama mzazi wa Laban. Watu walimuuliza mbona hamleti mtoto akae naye. Alikuwa na majibu mengi: chumba ni kimoja, mtaa una maji ya mafuriko, mtoto wa kike anahitaji mwanamke nyumbani. Jibu la kweli hakulisema. Kumleta Lorine Obunga kungekuwa kukubali kwamba yeye harudi tena, na hilo hakutaka hata kulifikiria.

Mwalimu wa serikali hahami kituo kwa kutamani tu. Iko njia moja ambayo walimu wenyewe wanaiamini: unamtafuta mwenzako wa daraja lako, aliye kule unakotaka kwenda, na ambaye naye anatamani kuja ulipo wewe, halafu mnabadilishana. Wanatafutana kwenye makundi ya simu kama watu wanaotafuta wachumba, na wengi huzeeka kabla ya kupata. Laban alimpata wake mwezi wa nne. Aliitwa Mwalimu Benta, mwenyeji wa Katito, karibu na Kisumu, aliyekuwa akifundisha kilomita chache kutoka kwa kina Laban na ambaye mama yake alikuwa amepooza nyumbani. Fomu zilitaka sahihi za walimu wakuu wote wawili kabla ya mwezi wa tano kuisha. Wa Benta alisaini siku hiyo hiyo.

Wa Laban, aliyepelekewa fomu mwanzoni mwa mwezi wa tano, aliitwa Madam Debra. Alikuwa na watoto elfu moja na mia mbili, upungufu wa walimu wanne, na miwani aliyokuwa akiivua kila alipotaka kukataa jambo. Aliivua.

"Mwalimu, mimi si mtu mbaya," alisema. "Lakini maafisa wa elimu wanakuja hapa Ijumaa ya mwisho ya huu mwezi. Watapima Gredi ya Tatu kusoma. Na wewe unajua uko na watoto thelathini na mmoja hapo hawajui kitu."

"Madam, hilo darasa nilipewa Januari. Nilipata wakiwa hivyo."

"Najua. Sijasema ni makosa yako. Wewe nisomeshee tu hao thelathini na mmoja. Wote wakisoma, hiyo karatasi nitasaini hata kama niko usingizini."

Laban alihesabu siku za shule zilizobaki. Zilikuwa ishirini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi akainama.

Darasa lilikuwa na watoto themanini na sita kwa jumla. Wale wanaojua kusoma aliwapa kazi zao upande wa dirishani, na thelathini na mmoja akawaketisha mbele, wengine sakafuni. Hakuwafungulia kitabu. Alikata katoni zake mwenyewe, zile zilizofungwa kamba miaka yote, akatengeneza vipande vya silabi: ma, mi, go, nge, wa, zi. Watoto wakapanga maneno ya kwao: ugali, omena, mvua, mgongo wazi. Hilo la mwisho walilipenda, kwa sababu nusu yao waliishi katika moshi wake. Mgongo wazi ni mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, na Obunga huikaanga kutwa nzima.

Wiki ya kwanza haikuwa imeisha wakati simu kutoka nyumbani ilipolia, Jumatano saa nne asubuhi. Alikuwa Nabututu.

"Papa, uko?" Mama huyu alimwita mwanawe papa, kama wanawake wa kwao wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Niko, mama. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni mtoto yuko hapa nyumbani."

"Lorine? Leo si shule?"

"Mwalimu wake alisema wageni wanakuja. Wale hawajui kusoma wakae nyumbani wasiaibishe shule."

Laban alitoka nje ya darasa. Alijua Lorine alikuwa nyuma kidogo, lakini hakujua kwamba hajui kabisa. Likizo zote alizokwenda nyumbani alimpelekea viatu na peremende, na hata siku moja hakumfungulia kitabu. Mganga hajigangi, ndivyo watu wanavyosema, na yeye alikuwa amecheka msemo huo mara nyingi. Siku hiyo haukumchekesha.

"Mwalimu gani huyo?" alifoka. "Mtu mzima anafukuza mtoto kwa sababu ya wageni? Huyo si mwalimu, ni mhuni."

Nabututu alimwacha afoke mpaka aishiwe, kisha akampa mtoto simu.

"Baba," Lorine akasema, "wageni wakienda, nitarudi?"

"Utarudi," alisema. Kisha akaahidi kwamba mwezi huu ukiisha atakuwa huko, na yeye mwenyewe ndiye atakayemfundisha.

Baada ya hapo alifundisha kama mtu aliyefungiwa ndani anayetafuta mlango gizani. Wiki ya pili aliwatoa thelathini na mmoja nje ya lango awafundishe kusoma mtaa. Wakasoma kuta. Wakasoma KINYOZI, wakasoma MAJI SAFI, wakasoma jina la kanisa lenye maneno saba. Kwenye ukuta wa posho-mill, mtoto mmoja aitwaye Ouma aliweka kidole kwenye herufi nyekundu akasoma kwa sauti yake yote, "U-si-ko-jo-e ha-pa," na mwanamume aliyekuwa amesimama pale pale, kwa shughuli ile ile, akafunga suruali akaondoka bila kugeuka. Watoto waligundua siku hiyo kwamba maandishi yana nguvu, na Ouma hakushikika tena. Mwisho wa wiki hiyo watoto ishirini na wawili waliweza kusoma aya nzima. Mmoja wao alikuwa Aaliyah.

Aaliyah alikuwa mtoto mpole wa miaka minane, anayelelewa na nyanya yake, Mama Rehma, muuza mahamri. Alisoma vizuri, akifuata mstari kwa kidole. Laban alimwekea alama ya tiki daftarini na kuendelea na wengine.

Wiki ya tatu mvua ilishuka. Paa la darasa ni la mabati bila dari, na mvua ya Kisumu inapoanza mchana haibishi hodi. Inapiga mpaka mwalimu anafungua na kufunga mdomo bure. Laban aliandika aya mpya ubaoni na kuwaonyesha kwa mkono wasome. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Akawa anatembea kati ya madawati akitazama midomo. Ouma alikuwa anasoma, Griffin alikuwa anasoma. Alipofika kwa Aaliyah, mdomo wake ulikuwa umefungwa. Kidole kilikuwa mahali pake na macho yalikuwa ubaoni, lakini bila sauti za wenzake hakuwa na la kusema.

Mvua ilipoisha alimwita pembeni akampa kadi moja yenye sentensi asiyoijua. Mtoto aliitazama muda mrefu. Hakuwa amesoma hata neno moja tangu mwezi uanze. Alisikia wenzake wakisoma, akashika kichwani, akarudia. Kichwa hicho kilikuwa kizuri kuliko vichwa vingi vya darasa lile, ndiyo maana kilimficha muda wote huo.

"Mbona hukuniambia?" Laban alimuuliza.

"Ulikuwa unafurahi," Aaliyah alisema.

Zilibaki siku saba. Laban alikaa naye kila jioni baada ya kengele, mpaka moshi wa mgongo wazi ukaingia darasani na bawabu akaanza kutikisa funguo. Aaliyah alipata silabi. Akapata maneno mafupi, mama, maji, meza. Sentensi zilimvunjikia mikononi. Akifika neno la tatu, la kwanza limeshapotea. Laban alimpenda mtoto huyo, na wakati huo huo alianza kumchukia kwa kuwa polepole, halafu akajichukia kwa kumchukia. Alijua vizuri alichohitaji mtoto: mwezi mwingine, tena wa taratibu. Mwezi huo Laban hakuwa nao.

Thelathini walikuwa tayari. Madam Debra alishapita darasani na kuwasikiliza. Benta alipiga simu kuuliza. "Mwalimu wangu, mama anauliza kila siku kama nimefika," alisema. "Kila siku, hata kama nimemwambia jana."

Alhamisi jioni walibaki wawili, Laban na Aaliyah. Mtoto alisoma kadi, akakwama, akarudi mwanzo, akakwama tena. Laban alichukua kadi ile taratibu kutoka mkononi mwake.

"Umechoka," alisema. "Kesho upumzike. Kaa nyumbani na nyanya."

"Kesho si wageni wanakuja?"

"Ndiyo."

Aaliyah aliokota vipande vyote vya silabi vilivyokuwa mezani, akavirudisha ndani ya katoni, ma pamoja na ma, zi pamoja na zi, akavaa mkoba wake akatoka. Laban alimwona akivuka uwanja. Angeweza kumwita arudi. Hakumwita.

Maafisa walikuja Ijumaa saa tatu, watatu, na karatasi yenye hadithi ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuiona. Waliwaita mmoja mmoja katika chumba cha walimu. Ouma alisoma kwa kelele mpaka wakamwomba apunguze. Afisa mmoja mwanamke alimuuliza Laban ametumia kitabu gani, naye akamwonyesha katoni.

"Walikuwa thelathini na mmoja," Madam Debra alisema akitazama orodha. "Nimehesabu thelathini."

"Mmoja hakuja," Laban alisema. "Aaliyah. Ni mgonjwa."

"Pole yake." Akamwekea mstari.

Wageni walipoondoka, Laban aliingia ofisini na fomu. Ilikuwa siku ya mwisho. Madam Debra alikuwa na furaha ambayo Laban hakuwahi kumwona nayo, amemwagiza mtu soda, anacheka peke yake. Aliipokea fomu, akaisoma kama mtu anayeiona mara ya kwanza, akaiweka chini. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu Laban, keti."

"Madam, uliniahidi."

"Niliahidi, ndiyo. Sikatai, na ahadi ni deni. Lakini wewe mwenyewe angalia. Mwaka ujao Gredi ya Tatu iko na watoto tisini na nane. Nikikuachilia leo, hao nitawapa nani? Hao watu wamesema shule zingine zitaletwa hapa kujifunza kwako. Mwalimu kama wewe nani anaachilia?"

"Kama wangeshindwa kusoma, ungenisainia?"

Alifikiria kwa ukweli. Hilo lazima asifiwe nalo. "Hapana," alisema. "Ningekwambia ukae umalize kazi."

Soda ililetwa. Laban hakuinywa. Alitazama fomu pale mezani na kuelewa kwamba mlango aliokuwa akiusukuma mwezi mzima ulikuwa umechorwa ukutani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amemkanyaga mtoto ili aufikie. Alimwandikia Benta usiku huo maneno mawili, "Imeshindikana. Pole."

Jumatatu asubuhi Aaliyah alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, sare yake imepigwa pasi, mkoba mgongoni. Wenzake walishaingia. Yeye alikuwa ameegemea fremu ya mlango, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mwalimu," alisema, "wageni walienda?"

Laban alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji, mbele ya watoto themanini na watano. "Walienda," alisema. "Na nilikosea kukwambia ukae nyumbani. Ni mimi nilikosea, si wewe." Aaliyah alimtazama kwa mashaka kidogo, kwani watoto hawajazoea kuombwa radhi na walimu, kisha akaingia akaenda moja kwa moja kwenye katoni.

Saa nne, wakati wa mapumziko, Laban alipiga simu nyumbani.

"Mama, Jumamosi nakuja kumchukua Lorine."

"Kumchukua kwenda wapi?" Nabututu aliuliza. "Si ulisema wewe ndio unarudi?"

"Sirudi, mama."

Kwenye simu Laban alisikia kuku wa nyumbani, na mbali zaidi mtu akipasua kuni. Alijua anamnyang'anya mama yake mtu wa mwisho wa kuzungumza naye jioni, na mama yake alijua kwamba anajua.

"Basi nitamfulia nguo," Nabututu alisema.

Jioni Laban alisimama Mamboleo kwa fundi. Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye randa, tayari na utani wake wa kila siku, akaona uso wa mwalimu, akaumeza utani huo.

"Nataka vitanda viwili," Laban alisema. "Kimoja changu, kimoja cha mtoto wa miaka tisa."

"Sawa, japuonj." Fundi alitoa penseli nyuma ya sikio, akaandika vipimo kwenye kipande cha mbao. "Nitaweka ya nati. Siku utahama, unafungua tu unabeba."

"Usiweke nati," Laban alisema. "Piga misumari."