Siku Binti wa Jirani Alipoombwa Bila Paa

Binti wa jirani yangu aliombwa uchumba katika nyumba isiyo na paa. Paa hilo halikung'olewa na upepo. Lilishushwa na watu, kwa nia njema kabisa, asubuhi ya siku yenyewe ya sherehe.

Nieleze tangu mwanzo. Tunakaa mjini, mtaa wa Gitega, kwenye mteremko unaoshuka hadi bondeni. Nilipohamia hapo, mvua za masika zilikuwa na ratiba: zinanyesha alasiri, zinaacha, watu wanaanika nguo. Miaka ya karibuni zinakuja kwa pupa, maji ya msimu mzima yanamwagika kwa siku chache, na udongo wa mteremko umechoka. Masika yaliyopita ukuta wa jiko moja ulilala mferejini, bahati nzuri hapakuwa na mtu ndani. Basi viongozi wakapita nyumba kwa nyumba wakieleza kwamba safu yote ya chini iondoke kabla ya mvua nyingine. Mimi niko juu ya barabara, sikuguswa. Jirani yangu, mama mjane, nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka chini.

Hakubisha. Alizaliwa ukimbizini Karagwe, Tanzania, kama mimi, na habari za kuhama anazijua.

"Wazazi wangu walikimbia watu, mimi nakimbia mawingu," aliniambia huku akifunga vyombo kwenye magunia. "Afadhali mawingu, hayaniulizi kabila."

Kitu kimoja tu alikiomba kwa kiongozi wa mtaa: binti yake aondoke kwanza. Siku ya gusaba ilikuwa imeshapangwa, siku ambayo ukoo wa kijana huja nyumbani kwa kina binti kumwomba mbele za watu, naye binti hukaa ndani mpaka aitwe. Wapo waliomshauri akodi ukumbi.

"Mtoto anaombwa kwao," alijibu. "Ukumbini ni kwa nani?"

Nyumba hiyo aliijenga na marehemu mumewe, chumba baada ya chumba, na alitaka jambo la mwisho kufanyika ndani yake liwe la furaha. Kiongozi akakubali: sherehe Jumamosi, mabati yashushwe Jumatatu.

Sasa Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi kila mtaa hutoka kufanya kazi ya pamoja. Kazi yetu ilikuwa kuwasaidia watu wa safu ya chini kushusha mabati yao, yasije yakaharibiwa na mashine ya kubomolea. Mama na binti walikuwa wamelala Kanombe, upande mwingine wa mji, kwa dada wa mama, binti asukwe na kuvalishwa. Viti na vitanda alikuwa ameshavitoa ili wageni wapate nafasi. Vijana wa mtaa wa pili, waliokuja kutuongezea nguvu, wakafika kwenye nyumba ya tatu, wakachungulia, wakaona tupu. Kwao nyumba tupu ni nyumba ambayo mwenyewe ameshahama. Wakapanda.

Nilikuwa nazibua mfereji. Niliponyanyua kichwa, mabati yameegemezwa ukutani kwa mpangilio mzuri, mbao ziko chini, na misumari wameikusanya kwenye kopo isipotee. Kiongozi wa mtaa, ambaye muda wote alikuwa akisifu kasi ya kazi, alishika kiuno.

"Nani kawatuma hii nyumba?"

"Mkuu, iko tupu!"

"Tupu nini! Leo kuna gusaba hapa!"

Kuezeka upya kusingewezekana, wageni walikuwa wanafika alasiri. Gari la Kanombe ndilo lililotangulia. Mama akashuka na mushanana wake wa zambarau, vazi la sherehe linalofungwa begani, akatazama juu, akatutazama sisi tulioshika majembe na nyundo.

"Nyumba yangu mmeinyoa," alisema.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kiongozi akamwambia ukumbi wa mtaa uko wazi, tena bure, wangeweza kuhamia sasa hivi.

"Kuta zipo?"

"Zipo, mama."

"Mlango upo?"

"Upo."

"Basi mwanangu anaombwa hapa. Nileteeni miavuli, na nyie mlionyoa mkaoge mrudi, mtanipangia viti."

Mahema mawili yalisimamishwa uani yakiangaliana, moja la wageni, moja la wenyeji. Binti na wasindikizaji wake waliketi sebuleni chini ya mbingu, miavuli ikiwa tayari mapajani. Kila tulipowasikia wakicheka kule ndani, tulijua wingu limepita.

Msemaji wa upande wa kijana, mzee aliyelelewa Uganda, alisimama, akaikagua nyumba bila haraka.

"Tumekuja kubisha hodi," alisema, "lakini naona mmetufungulia mpaka juu."

Kaka wa mama, msemaji wetu, hakukubali kushindwa. "Tuliambiwa mnakuja na maneno mengi, mzee wangu. Tukaona yapate pa kutokea."

"Na mkitunyima binti?"

"Tukiwanyima mtafanya nini?"

"Tutamchukulia juu. Kijana wetu anafanya kazi uwanja wa ndege."

Mahema yote mawili yalilipuka kwa kicheko. Mama alicheka mpaka mushanana ukamteleza begani. Manyunyu yakaanza wakati binti anaitwa, naye akatoka mlangoni kwao, taratibu, chini ya miavuli minne inayogongana, akipigiwa vigelegele na vijana wale wale walioshusha paa. Alitolewa kwao, kama mama yake alivyotaka.

Jumatatu mashine ilipita. Nilisimama barabarani nikaona haikuchukua muda mrefu.

Sasa mama amepanga chumba Kanombe, karibu na dada yake. Watu wa safu ya chini wameahidiwa nyumba kwenye majengo ya ghorofa, ila hawajaonyeshwa ni yapi wala upande gani wa mji. Juma lililopita alinipigia simu, sauti yake ikiwa na kicheko na wasiwasi kwa pamoja. Ana binti mwingine, mdogo, na ukoo mmoja wa mtaa wa Rwezamenyo umetuma ujumbe kwamba unataka kuja kujitambulisha. Wameuliza waje nyumba gani.

"Umewajibu nini, dada?"

"Nimewaambia wanivumilie kidogo."

Mpaka ninapoandika haya, hajawa na mahali pa kuwaelekeza.