Fundi Aliyekataa Kukata Shafti

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Ndanai nikaambiwa yule mama fundi amepumzika. Wengi wenu hamkumjua, lakini ikiwa mmewahi kunywa chai ya huku kwetu Kericho na Bomet, huenda mikono yake ilipita hapo. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma asiye na karakana. Alizunguka na pikapu iliyobeba mashine ndogo za kukereza na kupekecha, akazifunga palepale penye mtambo mzito usioweza kung'olewa. Alikuja huku kutoka Kisii akiwa mchuma chai, na kazi hiyo alijifunza kwa kusimama nyuma ya mafundi mpaka wakachoka kumfukuza.

Nilimfahamu nikiwa msimamizi wa mapokezi ya majani katika kiwanda kimoja upande wa Sotik. Majani yalikuwa mengi msimu huo, na mtambo mkubwa wa kusaga ukaanza kutetemeka hadi tukauzima. Wakulima wakaambiwa wasichume. Mhandisi wetu akaamua kwamba shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani yake, imechakaa, ikerezwe. Fundi alipofika, alipima asubuhi nzima, kisha akafunga kisanduku chake cha vipimo.

"Shafti ni nzima," alisema. "Sitaikata."

Meneja akawaka. "Mama, nimekuita ukereze, si kutufundisha! Wakulima wako hapo getini wananingoja mimi."

"Najua, Meneja. Dada yangu ni mmoja wao. Lakini nikishatoa chuma hapa, hakuna wa kukirudisha. Shika kipimo, upime mwenyewe."

Nilidhani atafukuzwa. Badala yake meneja alivua koti, akainama, akapima. Akapima tena. Tundu la chuma linaloshika beringi lilikuwa limelika upande mmoja, likawa na umbo la yai. Shafti haikuwa na hata mkwaruzo. Mhandisi alikiri mbele yetu sote kwamba yeye alisikiliza mlio tu, hakupima. Fundi hakumcheka. "Njoo unishikie taa," alimwambia, na kwa siku mbili wakafanya kazi bega kwa bega, wakilichonga lile tundu hadi likawa duara kamili, kisha wakalivika bushi mpya, pete nene ya chuma ya kukaza beringi.

Siku ya tatu tukawasha. Mtambo ulizunguka kimya hivi kwamba meneja aliuliza kama kweli umewaka. Tukatangaza uchumaji uendelee, na alasiri hiyo lori la kwanza likaingia limejaa. Wakulima wanawake waliongoja getini walipiga vigelegele, wakamzunguka fundi wakimshukuru sana kwa Kikipsigis, "Kongoi! Kongoi mising!" Naye, uso umejaa grisi, akacheza nao.

Siku hizi mitambo ina vifaa vinavyotuma habari za mtetemo hadi kwenye simu ya meneja. Ni jambo jema. Fundi mwenyewe alivipenda. Ila mtetemo hukwambia kuna ugonjwa tu, haukwambii uko wapi, na bado anatakiwa mtu wa kupanda pale na kupima. Kwenye mazishi nilimwona yule mhandisi, sasa mkuu wa mafundi wa viwanda kadhaa. Aliniambia kwamba hakuna anayeruhusiwa kukata chochote chini yake kabla watu wawili hawajapima. Basi tusilie sana. Tunapoharakishwa kukata, iwe chuma, iwe kauli juu ya mwenzetu, tuwe na ujasiri wa kusema mbele ya wakubwa: bado sijapima.