Msaragambo Ulioitwa na Blogu

Mjomba alikuwa ameamua kuiacha blogu yake ifutwe, na aliyeumia ni mimi, si yeye.

Aliianzisha mimi nikiwa sijazaliwa, wakati hapa Ngujini hakukuwa na mtu mwenye intaneti. Alikuwa anashuka Mwanga mjini, anakaa kwenye kafe ya intaneti, anaandika habari za huku juu: kahawa imechanua, barabara imekatika, fulani kaoa. Baadaye akapata kinasa sauti, akaanza kuweka na podikasti, ingawa anasema hata neno lenyewe hakulijua, yeye alikuwa "anaweka sauti" tu. Faili fupi ilichukua mchana kutwa kupanda mtandaoni. Umeme ukikatika, anaanza upya. Waliokuwa wanasubiri kompyuta walimuuliza kama anatuma ng'ombe.

Nimeifungua kwa mara ya kwanza likizo hii, nikaisoma taratibu kama niko kanisani. Maandishi ya njano juu ya kijani. Pembeni kulikuwa na safu ya blogu za rafiki zake. Nilibonyeza moja baada ya nyingine, nyingi zimeshakufa. Moja ilibaki na habari ya mwisho inayosema mwandishi ataendelea kesho. Hakuna mahali pa kuonyesha una wafuasi wangapi. Chini ya kila habari watu wamesalimiana kama majirani wanaoongea juu ya ua: shikamoo kaka, mvua imefika huko, mwambie mama yangu nimepona.

Mimi niko kidato cha tatu na darasani nikiulizwa swali sauti inakwama. Kwenye makundi ya simu nasoma tu, siandiki. Nilishindwa kuelewa mtu anapata wapi ujasiri wa kuachia sauti yake iende asikokujua.

Sasa kampuni inayoitunza ile blogu ilikuwa imemwandikia mjomba: athibitishe kwamba bado anaitaka, la sivyo itaondolewa. Siku hizi yuko Same mjini, anafundisha. Nilimpigia. Huwa ananiita mjomba kama ninavyomwita mimi.

"Iache ife, mjomba," alisema. "Nani ataisikiliza?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikasema sawa.

Asubuhi yake nilikuwa na bibi uani, tunachambua kahawa. Nilimwambia mwanawe anataka kuacha sauti zake zipotee. Akauliza sauti zipi, maana hajawahi kuzisikia hata siku moja. Nikaunganisha simu na spika ya kaka, nikaiweka juu ya ukuta unaotazama bonde, nikachagua moja bila kujua ndani yake kuna nini. Bibi masikio yake mazito, nikaongeza sauti hadi mwisho.

Upepo. Jogoo. Mjomba, kijana kabisa, anasema yuko kilimani alfajiri. Kisha pembe ikalia, ndefu, na mwanamume akaita kwa Kigweno: msaragambo, kila nyumba itoke na jembe, tope limeziba mfereji wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Alikuwa yule mzee aliyekuwa akiwaita watu kwenye kazi ya pamoja, kabla mwenyekiti wa kitongoji hajaanza kutuma ujumbe kwenye kundi la simu. Alishafariki. Bibi aliacha kuchambua. Nilirudia mara ya pili kwa ajili yake.

Sikufikiria kwamba bonde zima linasikia.

Walianza kutokea migombani. Wanaume, kina mama waliofunga kanga viunoni, dereva wa bodaboda na koleo, wote wanahema. Ni majira ya mvua, wiki hizi kila mtu anahofia mlima kuporomoka. Mwenyekiti alifika na jembe begani, akauliza nani amepiga pembe bila yeye kujua. Watu wakanitazama. Nikashika ukuta.

"Shikamooni," nikasema. "Ni blogu ya mjomba."

Jirani yetu mmoja akakaa juu ya mpini wa jembe lake.

"Mimi nimemsikia marehemu ananiita nikazibue mfereji," alisema. "Nikasema, huyu mzee hata huko hajapumzika?"

Wakacheka mpaka wengine wakainama. Halafu mwenyekiti, taratibu, akaomba niirudie. Ilibidi nieleze ni nini, imewekwa lini, inakaa wapi. Hapo pa inakaa wapi nilishindwa, lakini nilikuwa nimeongea mbele ya watu wote wale na bado nilikuwa nimesimama. Wakasikiliza bila kukohoa. Nyuma ya mwito kuna msichana anacheka. Mama mmoja akaziba mdomo, akasema ni yeye. Ilipokwisha, mwenyekiti alisema mfereji kweli umejaa tope na majembe yapo, tunasubiri nini. Tukaenda, na mimi nikaenda.

Jioni nilimpigia mjomba. Nilimsimulia yote.

"Walitoka na majembe?"

"Na majembe, mjomba."

Akaniambia kuhusu ile sauti walimwandikia watu walioko Ujerumani, walioko Dubai, mtu mmoja alilia akiwa kazini kwenye lori. Ila wa hapa kwetu hakuna hata mmoja, kwa sababu hawakuwa na pa kuisikilizia. Ndiyo maana alichoka. Aliona kama anasimama kilimani anawapigia pembe watu wa bonde jingine.

"Chukua kalamu," akasema, "nikutajie paswedi."

Nilithibitisha. Kurasa zikabaki. Chini ya sauti ya msaragambo maoni ya mwisho ni ya zamani sana, na baada yake nafasi tupu. Nikaandika pale: "Ngujini tumesikia. Tumetoka." Kisha nikabonyeza kitufe.