Siku ya Moto Hakuna Hodi

Mwalimu Imakulata hakupenda kusifiwa. Alishajua sifa huwahi kufika kabla ya matokeo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifundisha watoto wenye usonji katika shule moja ya msingi Tabora mjini, na karibu kila ujanja alioujua aliupata kwa kukosea. Kosa lake kubwa alilifanya mtaa wa Isevya, nyumbani kwa mwanafunzi wake Zabibu, na siku alipolifanya alipigiwa makofi.

Zabibu akiwa na miaka minane alikuwa na mchezo wa kujiingilia nyumba za watu na kufunua masufuria yao. Majirani walichoka. Imakulata akatumia muhula mzima kumfunza adabu za mlangoni: piga hodi, ngoja, ya pili, ngoja, ya tatu, na kama hakuna jibu, rudi nyumbani. Ukikaribishwa, shikamoo kwanza, mengine baadaye. Kwa Zabibu jambo likishaingia limeingia, halipindiki. Mtaa mzima ukamshukuru mwalimu.

Miaka mitatu ikapita, mama yake Zabibu akaja na ombi jingine. Yeye alishinda sokoni akiuza mchele, na nyumbani alibaki Zabibu na bibi yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza kitandani.

"Mwalimu, moto ukizuka mchana, mama yangu atatolewa na nani?"

Imakulata akachora picha nne kwenye vipande vya boksi, akazibandika ukutani: moshi, mlango, nyumba ya Mzee Issa, na mdomo uliopanuka kusema "Moto!" Mzee Issa, muuza asali mstaafu, ndiye jirani pekee aliyeshinda nyumbani. Walifanya mazoezi wiki sita. Kila mara mzee aliitikia hodi ya kwanza, maana alikuwa akiwasubiri.

Siku ya jaribio mzee hakuambiwa. Bibi akaambiwa, akakubali kuvumilia. Imakulata akawasha majani mabichi kwenye karai jikoni, akajibanza nyuma ya choo. Zabibu akaona moshi, akatoka, akanyoosha njia. Safi kabisa.

"Hodi."

Mzee Issa alikuwa kwenye sala ya adhuhuri.

"Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya.

Zabibu akageuka, akarudi nyumbani, akaketi kando ya bibi yake katika ule moshi, mikono juu ya mapaja. Alikuwa ametii kila alichofundishwa. Imakulata alimwaga maji kwenye karai kwa aibu. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Hili alilichuma yeye, na angelila bibi wa watu.

Jioni akaenda kwa Mzee Issa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kuomba ruhusa. Nataka Zabibu akuingilie humu bila hodi, bila shikamoo, akukamate nguo na kukupigia kelele."

"Hata nikiwa kwenye sala?"

"Hapo hasa."

"Wajukuu zangu wenyewe hawathubutu." Akakuna ndevu. "Haya. Siku ya moto hakuna hodi. Lakini mfundishe na siku nyingine zilivyo."

Ilikuwa kazi. Zabibu alifika kizingitini akasimama kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Wiki tatu nzima hakuvuka. Ya nne akavuka, akamshika mzee kanzu, chai ikamwagika, na mzee, ambaye hakuwa na simile kwa mtu yeyote, akasema, "Vizuri, mama. Tena."

Moto wenyewe ulikuja mwezi wa nane. Cheche ya jiko la mkaa iliruka ikashika gunia, gunia likashika pazia la chumba cha bibi. Imakulata alipigiwa simu na mama aliyekuwa akilia, akapanda bodaboda. Alipofika, pazia lilikuwa jivu na bibi alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, mzima, akiulizia kilemba chake. Mzee Issa, masizi hadi kwenye ndevu, alikuwa akimalizia kumwaga mchanga. Alikatizwa kwenye rakaa ya pili, alisema; alivutwa kanzu mpaka ikachanika.

"Na mwenyewe yuko wapi?" Imakulata akauliza.

Wakageuka. Zabibu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Mzee Issa, uliobaki wazi vile vile, na ndani hamkuwa na mtu.

"Hodi," alisema. Akangoja. Aliingia vibaya, sasa alikuwa anarudia kuingia vizuri.

"Hodi."

Imakulata akafungua mdomo amwite, lakini Mzee Issa alishatupa ndoo. Miaka sabini na miwili, na kanzu iliyochanika ameikunja mkononi, alikimbia akazunguka nyumba na kuingia kwa mlango wa nyuma, ili hodi ya tatu imkute ndani.

"Karibu!" sauti yake ilisikika, ikihema. "Karibu, mwanangu, pita!"