Televisheni Ndani ya Kizimba cha Nondo

Mwaka 1971, nikiwa na miaka minane, baba yangu alikwenda ziwani na mtumbwi ukarudi bila yeye. Hapo ndipo shida zilipoanza. Shule niliiacha darasa la pili, nikawa mbeba matenga ya dagaa pale Kibirizi, nanuka mpaka watoto wenzangu wananikimbia. Sisemi haya nionewe huruma. Nasema ili anayesoma ajue kwamba ukumbi wangu wa kuonyesha mpira pale Gungu, ule vijana wanaouita kibanda umiza, haukujengwa na mjomba wala serikali. Ulijengwa na shingo hii.

Mtu aliyepata kitu kwa shingo hakiachi wazi. Televisheni niliizungushia kizimba cha nondo, nikamsimamia fundi wa kuchomelea mpaka kiungo cha mwisho. Mlango hakuna, kufuli hakuna. Vitufe vya televisheni vikabaki huko ndani, na mimi nikabaki na rimoti mfukoni. Mke wangu, ambaye hukaa mlangoni akipokea watu na kuuza kahawa, aliniuliza, "Na rimoti ikifa, baba watoto?" Nikamwambia rimoti haifi, hufa betri. Hata hivyo nilinunua ya akiba sokoni, ile ya Kichina inayosemekana inakubali televisheni zote, nikaiacha kabatini na nailoni yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili alasiri, timu mbili kubwa za Dar zinakutana. Watu walijaa hadi madirishani. Bao likaingia, watu wakaruka, nikapigwa kikumbo, rimoti ikachomoka mfukoni. Nilipoiona tena ilikuwa vipande chini ya ndala zao. Picha ipo, sauti ipo, nikajiambia tutafika mwisho.

Wakati wa mapumziko umeme ukakatika. Ulirudi upesi, lakini televisheni haikurudi kwenye king'amuzi. Ilileta rangi ya bluu tupu. Kuitoa hapo ni kubonyeza kitufe kimoja tu, na kitufe kiko ndani ya nondo.

Mwanzoni walicheka. "Mzee, bluu tunayo ziwani bure!" alipiga kelele mwendesha bodaboda mmoja mrefu wa Katubuka, mtu wa benchi la mbele kila wiki. Kisha kipindi cha pili kikaanza, tukakisikia kwenye redio ya duka la jirani, na kicheko kikaisha. Wakaanza kugonga mabenchi. Mwenzangu mmoja wa biashara hii alivunjiwa ukumbi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Walianza na mabenchi, wakamalizia na mabati, na mpaka leo anauza mkaa. Kwa hiyo nilijua ninachokitazama.

Mke wangu alikimbilia nyumbani, akanipitishia rimoti mpya juu ya vichwa vya watu.

"Uliipanga ikubaliane na televisheni?"

"Sikuipanga."

"Haya, ipange sasa. Mimi nafungua mlango wa nyuma, wakianza kurusha mawe tupite."

Karatasi ya rimoti ilikuwa na namba za aina nyingi za televisheni, ya kwangu haimo. Ikabaki njia aliyonionyesha muuzaji: elekeza rimoti, shikilia kitufe cha juu, yenyewe itajaribu namba moja baada ya nyingine. Televisheni ikizima, hiyo ndiyo namba yake, achia hapo hapo. Ukichelewa inapita, unaanza upya.

Nikapanda juu ya benchi, nikashikilia. Kitaa chekundu cha rimoti kinapepesa.

"Babu anaibariki!"

"Inyunyizie na maji basi!"

Ghafla kioo kikawa cheusi. Ukumbi mzima ukalipuka: "Ameiua! Ameiua!" Nikageuza kichwa niwajibu, na kidole kikabaki kimebonyeza. Nilipoachia, namba ilishapita. Sasa hata bluu hatuna.

Yule wa bodaboda akashika nondo. "Tunang'oa hiki kizimba, mzee, tubonyeze wenyewe." Wengine wakaja kumsaidia. Ukuta ulioshikilia kizimba ulikuwa wa matofali mabichi. Nikaona vumbi linadondoka. Kizimba kikianguka, kinaanguka na televisheni, na televisheni ikianguka, mimi narudi Kibirizi kubeba matenga nikiwa na mvi.

Sikubembeleza mtu. Niliweka mgongo kwenye nondo nikamwangalia usoni.

"Vuta. Ila ikivunjika, mechi hii huioni, ya wiki ijayo huioni, na humu nitaweka madumu ya mawese. Au funga mdomo nifanye kazi."

"Una hakika itawaka?"

"Ego," nikamjibu kwa Kiha chetu. Ndiyo. Hakika sikuwa nayo hata kidogo.

Akanitazama, akaachia nondo, akawageukia wenzake. "Kimya! Anayetaka kukohoa akakohoe barabarani!"

Nikaanza upya. Jasho linaingia machoni, silifuti. Kitaa kinapepesa, kioo cheusi vilevile. Redio ya jirani ikapiga ukelele: bao! Nikasikia watu nyuma yangu wanavuta pumzi, lakini safari hii sikugeuka. Kioo kikawaka. Nikaachia.

Bluu haijawahi kuwa nzuri namna ile. Kitufe kimoja, na wachezaji hao, tayari wanakumbatiana. Nusu ya ukumbi ikaruka, nusu ikabaki kwenye mabenchi. Wapo waliotoka wakinitukana kwa bao walilolikosa, na baadhi hawajarudi, wanaangalia kwingine. Waende.

Jumatatu nilimwita fundi, nikamwambia akate dirisha kwenye kizimba, la kupita mkono mmoja, alitie na kufuli. Ufunguo nauvaa shingoni.

Leo nina ukumbi huo, kuta zake sasa za matofali ya kuchoma. Nina televisheni mbili, king'amuzi, sabufa na jenereta. Rimoti nne, zote nimezipanga mwenyewe. Nyumba ya vyumba sita Gungu. Shamba la michikichi Simbo. Mbuzi kumi na mmoja. Baiskeli moja, siipandi tena.