Refa Asiyetaja Mtu

Shangazi yangu, dada wa baba, ni mtu mzima ambaye magoti yake hulia kila akiinuka, na bado hakuna mtoto wa kumshinda kuruka vyumba. Jioni akishamaliza kazi zake hufunga kitenge kiunoni, huvua ndala na kutoka uani. Huko watoto wanakuwa wamekwisha kuchora kwa mkaa juu ya saruji: chumba kimoja kimoja, halafu viwili vya pamoja, kisha kimoja tena, na mwisho duara la kugeukia. Hutupa kigae chake cha sahani, hukunja mguu mmoja, na huyo anakwenda kama hana mwili. Baba husema siku atakapoteguka kiuno tusimwite yeye. Shangazi humkumbusha kwamba yeye hata utotoni alikuwa haendi mbali, anaishia chumba cha pili akiwa chali.

Watoto wanamwita Refa, na ni refa wa ajabu kwa sababu kazi yake ni kunyamaza. Uani kwetu kuna sheria moja ambayo sijaikuta kwingine. Ukikanyaga mstari, unasema mwenyewe "nimekanyaga," unaokota kigae chako, unatoka. Hakuna anayeruhusiwa kukutaja. Aliyekuona anakaa kimya na kukusubiri, maana kukuwahi ni kukuita mwongo kabla hujadanganya. Watoto wageni huicheka sheria hii mpaka siku wanapokanyaga wao, kundi zima likawatazama bila neno, wakaanza kutoka jasho.

Walioitunga walikuwa wawili, shangazi na shoga yake Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa ile alama nyeusi juu ya mdomo. Milango ya nyumba zao ilitazamana, na wao walikuwa chanda na pete. Walicheza pamoja, wakasoma pamoja mpaka shule ikawachoka, kisha wakaajiriwa siku moja kwenye duka la dobi karibu na stendi. Meza zao za pasi nazo zilitazamana. Mchana kutwa walikuwa ndani ya mvuke na harufu ya wanga, redio ya mwenye duka ikiwaimbia, mmoja akienda kunywa chai mwenzake anashika meza zote mbili. Mwenye duka, waliyemwita Tajiri, alizoea kusema amewaajiri wawili lakini mdomo ni mmoja.

Siku ya tukio lililetwa gauni la harusi, la hariri, na mwenyewe angelifuata mchana ule ule. Kidoti ndiye aliyelipokea na kulitandaza mezani kwake. Alikuwa amefika kiunoni simu yake ilipolia, akatoka nayo mlangoni, pasi akaiacha imelala juu ya kitambaa. Shangazi alikuwa nyuma akitundika nguo kwenye hanga. Alisikia harufu ya kuungua, akaja mbio, akaiinua ile pasi. Kwa hiyo Tajiri alipoingia alimkuta yeye, pasi mkononi, na mbele yake gauni lenye tundu la rangi ya chai. Kidoti alikuwa kwenye kizingiti, simu ingali sikioni.

Tajiri aliuliza gauni lile lilikuwa kwa nani. Shangazi akamtazama shoga yake, akanyamaza, akamsubiri aseme. Kidoti akatazama sakafu. Tajiri akauliza mara ya pili, na shangazi akaendelea kusubiri vile vile kama wako uani. Sasa mtu mwenye duka, mwenye bibi harusi anayekuja kumwangulia kilio mlangoni, atajuaje sheria za mkaa na vigae? Kimya kile alikihesabu kuwa kukiri. Unga wa shangazi ukamwagika pale pale, akarudi nyumbani na mkoba wake na kikombe chake cha chai.

Alipotusimulia nilichemka. Nilimwambia, shangazi, pale ni kazini. Akanijibu kwamba Kidoti ameshtuka tu, nimpe muda, atasema.

Basi akasubiri. Geti likilia, anajinyoosha na kutazama. Kidoti hakuja, na nyumba ya kwao aliishaihama zamani baada ya kuolewa. Tukasikia amefanywa msimamizi pale dukani. Shangazi alizunguka kwa madobi wengine kuomba kazi, lakini watu wa kazi hiyo wanajuana, na kila mlango alikuta habari imemtangulia: ndiye yule aliyeunguza gauni la bibi harusi. Neno moja la Kidoti kwa Tajiri lingemsafisha jina. Alikuwa analingoja hilo neno huku akipiga nguo za majirani pasi juu ya meza yetu ya kulia, na ukimsema Kidoti mbele yake anakukatiza. Hofu ni kitu kibaya, alikuwa akituambia, mwenzake ana mama mgonjwa na hana wa kumsaidia.

Jioni moja Kidoti akaingia. Viatu vya kisigino, manukato yaliyomtangulia kama mjumbe, na dereva wa bodaboda nyuma yake amebeba furushi. Alieleza kwamba dukani mashuka yamewazidi, akaona badala ya kumpa mtu baki amletee shoga yake. Nilitamani kutema mate. Lakini shangazi alifurahi kikwelikweli, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Alidhani furushi ni kisingizio tu, na kwamba mwenzake amekuja kusema.

Watoto walipojua kwamba mgeni ndiye yule Kidoti wa kwenye hadithi, hawakumwacha akae. Akavua viatu, akacheka, akatupa kigae. Kuruka anajua, siwezi kumnyima haki yake. Alikwenda vizuri mpaka kwenye duara, akageuka, na wakati wa kurudi, kwenye vile vyumba viwili vya pamoja, kisigino kikatua katikati ya mstari. Alipokiinua kilikuwa cheusi kwa mkaa.

Sote tulinyamaza. Nilimtazama shangazi. Alikuwa amesimama mikono kifuani, macho yanang'aa, na mimi nilijua kwamba hasubiri habari ya mchezo.

Kidoti aliruka vyumba vilivyobaki, akafika, akajipangusa mikono, akasema bado hatujapata wa kumtoa.

"Umekanyaga, Kidoti," shangazi alisema.

Mtoto mmoja alijiziba mdomo. Hatukuwahi kumsikia akimtaja mtu. Kidoti alianza kusema haya ni mambo ya watoto, lakini shangazi hakuwa amemaliza.

"Na pasi uliiacha wewe."

Kidoti aliegemea ukuta, akavaa kiatu kimoja, mkaa ukabaki ndani.

"Si ungesema siku ile mbele ya Tajiri? Mdomo ulikuwa nao."

"Nilikuwa nakusubiri."

"Najua," Kidoti alisema, akiingiza mguu wa pili. "Nilijua hutanitaja. Ndiyo maana nilinyamaza."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekujibu ni saa ngapi. Shangazi alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Muda wote ule alikuwa akimtetea kwamba alishikwa na hofu, kumbe hofu haikuwepo. Siku ile dukani mwenzake alisimama pale kizingitini akaikumbuka sheria waliyoitunga wakiwa watoto, akaona inamtosha. Shangazi hakumfukuza. Aliniambia tu nimrudishie furushi lake, nami nililibeba mpaka getini kwa moyo wangu wote. Niliporudi nilimkuta analia mbele ya watoto, bila kujificha, akisema Kidoti angekuwa amemwogopa Tajiri, angemsamehe.

Bado anaruka, na bado wanamwita Refa. Lakini siku hizi mtu akikanyaga, shangazi humtaja kabla mguu haujainuka. Juzi binti mdogo wa jirani alitajwa hivyo, akasimama katikati ya mchoro, akasema alikuwa anataka kusema mwenyewe. Shangazi akamwambia aokote kigae chake atoke.